Umande wa Dohani Yetu

Mkurugenzi wetu mpya, Bwana Ziemowit Paluch, alikuja kwenye kiwanda cha joto cha Zawilce akitokea kwenye biashara ya kuuza madirisha ya plastiki. Sisemi hivyo kwa kumdharau. Madirisha yake ni mazuri, ninayo mawili nyumbani, na moja linafunguka. Ila mtu aliyeuza madirisha miaka kumi na minane hupata ugonjwa usio na dawa: joto likitoka nje anaona ni wizi, na yeye ndiye askari aliyetumwa kumkamata mwizi.

Wiki yake ya kwanza alipanda ngazi hadi kwenye bomba linalotoa moshi wa boila kuupeleka kwenye dohani, akasoma kipimajoto, akashuka amenuna.

"Nyuzi mia moja sitini na tano," akatuambia. "Mnapasha mawingu joto. Mji mzima unajibana, nyie mnawapikia kunguru."

Kunguru wa Zawilce hawajawahi kutushukuru, kwa hiyo hatukuwa na ushahidi.

Kazi yetu ni rahisi kueleza. Tunachoma makaa ya mawe, tunachemsha maji, maji yanapita chini ya barabara hadi kwenye nyumba za watu, na moshi unapanda dohani ya chuma ya mita sitini. Mimi ni mkemia wa maabara pale, mwaka wa thelathini na moja sasa. Jina langu Bogumiła, lakini wote huniita Bi Bogusia, mkurugenzi naye pia, siku akiwa na shida.

Septemba akaleta kifaa chake. Sanduku la chuma, kubwa kama gereji, limejaa mabomba ndani. Moshi unapita humo, maji yanapita humo, na maji yananyonya joto la moshi kabla haujafika kwenye dohani. Kwenye makaratasi kiliitwa Mradi wa Joto Lililookolewa. Sisi tulikiita Kupe. Kupe akafanya kazi yake vizuri mno: moshi uliokuwa nyuzi mia moja sitini na tano ukashuka hadi mia moja na kumi, na mkurugenzi akapiga picha akiwa ameshika kile kipimajoto kama mtu aliyevua samaki.

Sasa ngoja niwaeleze kosa liko wapi, maana yeye hakutaka kuelezwa. Kwa mvaa miwani kama mimi somo ni jepesi. Januari unatoka kwenye baridi ya kuganda, unaingia jikoni supu inachemka, mara miwani yote ukungu, huoni hata kiti. Mvuke ulikuwa hewani umetulia, hauonekani. Umekutana na kioo baridi ukageuka maji. Pale joto linaposhuka hadi mvuke ukaanza kugeuka maji, ndipo tunapopaita kiwango cha umande. Moshi nao una kiwango chake. Ungekuwa na mvuke wa maji mtupu, ungeweza kuupoza hadi nyuzi arobaini na moja ndipo ulowe. Lakini makaa yetu yana salfa, na kiasi kidogo cha salfa hiyo kikiungana na mvuke kinakuwa asidi, ileile ya kwenye betri ya gari. Hayo maji ya betri hayasubiri nyuzi arobaini na moja. Yanaanza kutona mapema sana, wakati moshi bado ungekubabua mkono.

Mapema kiasi gani? Hilo ndilo hupigiwa hesabu. Unachukua mvuke, unachukua salfa, kuna kanuni yake, na unakokotoa. Nilikokotoa kwa penseli nyuma ya kalenda, mara tatu, mara ya tatu kwa kusali nipate namba nyingine. Namba ilikuwa ileile. Nyuzi mia moja thelathini na tatu. Chini ya hapo, dohani inakunywa asidi mchana kutwa.

Mkurugenzi naye alikuwa amepiga hesabu, kwenye simu yake, kwa programu ya bure. Kisanduku cha salfa alikiacha wazi kwa sababu hakuwa na namba mkononi, na ile programu, kwa adabu zake, ikakihesabu sifuri.

"Bwana Mkurugenzi, umesahau salfa," nilimwambia.

"Salfa ni kidogo, Bi Bogusia. Cheti cha makaa kinasema sifuri nukta tisa kwa mia. Haifiki hata moja."

"Sumu ya panya kwenye supu nayo haifiki moja."

Akacheka. Ni mtu mchangamfu, sitaki kumnyima sifa yake. "Mia na kumi ukitoa arobaini na moja ni ngapi?"

"Sitini na tisa."

"Haya. Tuna akiba ya nyuzi sitini na tisa. Kwenye madirisha sikuwahi kuota akiba kama hiyo." Akanirudishia kalenda yangu, amenifungulia na mlango kabisa.

Wa kwanza kuniamini alikuwa Lucjan, na aliniamini kwa ajili ya uyoga. Lucjan ndiye mzee wa boila, amekaa nalo kuliko alivyokaa na mkewe. Kila vuli watu wa boila huenda msituni kuchuma uyoga, huutunga kwenye nyuzi na kuuning'iniza juu ya lile bomba la moshi, ukauke kwa ajili ya supu ya mkesha wa Krismasi. Ni desturi ya tangu zamani. Mkaguzi wa usalama amewahi kuandika barua juu yake, kisha akaja na uyoga wake mwenyewe. Sasa Oktoba ile Lucjan akaja maabara na kamba ya uyoga mkononi, umeota ukungu mweupe wenye manyoya kama paka.

"Bi Bogusia, umeoza."

"Bomba limepoa, Lucjan. Kupe amekunywa joto."

"Hilo najua. Ila angalia hapa." Akainua mguu. Suruali yake ya kazi ilikuwa na matundu manne gotini, kingo zake za kahawia. "Nilipiga goti chini ya kiungo cha bomba kutafuta uyoga ulioanguka. Kulikuwa na tone. Nikadhani ni maji."

"Si maji."

"Nimeshajua si maji. Suruali hii nimeivaa miaka sita, haijawahi kushindwa na maji." Akaitazama kamba yake kwa uchungu. "Mke wangu atanipikia nini Krismasi, Kupe?"

Nikaandika taarifa, na mkurugenzi akaijibu kwa maandishi kwamba uning'inizaji wa uyoga kwenye mitambo ya kampuni umepigwa marufuku. Tatizo likawa limekwisha.

Mwezi wa tano, uchaguzi wa tuzo za mkoa ukafika. Kuna sanamu ya kioo, mfano wa tone la moto, hupewa kiwanda kilichookoa joto kuliko vyote, na Bwana Paluch alikuwa ameshaipangia rafu ofisini. Kilibaki kitu kimoja: maoni ya kitaalamu kwamba moshi wa nyuzi mia na kumi hauharibu dohani wala kudondosha kitu juu ya watu. Maoni hayo yalitaka sahihi ya mtu wa kemia, na kwa Zawilce nzima mtu wa kemia ni mimi na yule mwenye duka la rangi.

Akaja maabara mwenyewe, na boksi la chokoleti. Kwetu mtu haombi jambo mikono mitupu, na anayepewa boksi halifungui, hulihifadhi kwa siku atakapoomba yeye. Boksi lile nililitambua palepale. Lilikuwa na mkwaruzo kwenye pembe na picha ya waridi, na miaka miwili nyuma nililipeleka mimi kwa daktari wa macho. Sijui lilipitia kwa nani na nani. Limezunguka mji wote kisha limerudi nyumbani, limechoka.

"Siwezi kusaini," nikamwambia. "Kiwango cha umande ni mia moja thelathini na tatu."

"Bi Bogusia, nakuheshimu." Akaketi. "Umebakiza miaka miwili ufike pensheni. Sheria inakulinda, siwezi kukufukuza, wala sitaki. Ila ghala la makaa la Podlesie halina mtu wa kuchukua sampuli. Kilomita arobaini. Basi linaondoka saa kumi na moja alfajiri, nafikiri. Yule mjukuu wako, Jagna, nani anampeleka shule?"

Alijua nani anampeleka. Mji mzima unajua. Mama yake, binti yangu Wioleta, anakata samaki kiwandani Norwe mwaka wa nne sasa, baba yake alikwenda kununua gari Ujerumani na bado anachagua. Jagna ana miaka tisa na anaogopa mbwa wa njia ya shule. Namshika mkono kila asubuhi, saa moja na nusu, hadi getini.

Nilishika kalamu dakika nzima. Nilijiambia dohani ni ya chuma kinene, kitachukua miaka kuoza, na mimi miaka miwili tu nakwenda zangu. Nilijiambia karatasi ni karatasi. Mtu akitaka kujidanganya huwa na akili nyingi ajabu. Nikasaini, na chokoleti nikapokea, naona aibu hadi leo kwamba hata asante nilisema.

Sasa njooni Juni, Alhamisi ya Mwili na Damu ya Kristo.

Maandamano yetu husimama kwenye altare nne, kila moja inapambwa na watu wa mtaa wake. Ya nne hupambwa mbele ya geti la kiwanda, tangu zamani, na mwaka ule mkurugenzi aliipamba mwenyewe, kwa miti ya mbetula, mazulia, na bango la kampuni lililoizidi picha ya Bikira Maria kimo. Wasichana wa Komunyo ya Kwanza hutangulia mbele ya Ekaristi wakitupa maua, na Jagna alikuwa mmoja wao. Gauni lake alilishona Wioleta kwa mkono huko Norwe, pamba nyepesi, majira ya baridi yote, kila akirudi kutoka kwenye samaki. Kwenye kifurushi aliandika: Mama, linanuka samaki kidogo, lianikeni. Tulilianika siku tatu. Jagna alikataza wengine wasiliguse, mimi nikalala nalo chumbani kwangu, yeye akija kila asubuhi kulichungulia.

Jumatano, siku moja kabla, mkurugenzi akatundika amri kwenye boila. Kiangazi tunaendesha boila dogo tu, la maji ya kuogea, moto mdogo. Na moshi wake, ukishapita kwa Kupe, ulikuwa nyuzi mia moja na nne. Yeye akataka hata moshi huo usionekane mbele za Mungu. Amri ilisema: moto ushushwe hadi mwisho kuanzia saa tatu asubuhi ya sikukuu, feni ipunguzwe, saa sita kamili mchana, maandamano yakiwa yameshapita, moto na feni virudishwe. Ilikuwa na mhuri.

"Ukiushusha moto namna hiyo moshi utazidi kupoa," nilimwambia Lucjan. "Dohani itatoka jasho ndani, masizi yanalowa asidi yanashikana. Halafu ukifungua feni yote yanaruka."

"Nimwambie?"

"Mwambie."

Alimwambia. Akajibiwa kwamba kama ana mawazo mengi ayapeleke kwenye uyoga.

Kila kitu kingekwenda sawa, kama si padre. Padre wetu ni mzee na akishafika altare ya nne jua huwa limeshampanda kichwani. Alianza kuhubiri saa tano na nusu. Akapita Agano la Kale lote. Wasichana kumi na wawili wamepiga magoti kwenye zulia chini ya dohani, magauni meupe, vikapu vitupu, na mkurugenzi nyuma yao ameshika nguzo ya mwavuli wa Ekaristi, uso umejaa ibada. Mimi nilikuwa kando ya uzio. Nikatazama saa. Saa sita kasoro dakika mbili. Nikaanza kusukumana na watu kwenda getini nimkataze Lucjan, na akina mama wananitazama kama mlevi.

Sikufika. Saa sita kamili feni ikanguruma. Lucjan ni mtu wa amri, na amri ilikuwa na mhuri.

Dohani ikapiga chafya, sina neno lingine. Kikatoka kijiwingu cheusi, kikasimama juu yetu, kisha vikaanza kushuka vipande, vyeusi, ukubwa wa dengu, taratibu bila upepo. Wale watoto wakabaki wamepiga magoti, wala hawakutikisika. Walikuwa wameambiwa wasitikisike. Kipande kimoja kikatua kwenye bega la Jagna, vingine viwili kifuani, na kimoja begani tena. Akanitafuta kwa macho tu. Padre akatazama juu, akasema amina, na hiyo ndiyo hotuba aliyoimaliza upesi kuliko zote.

"Masizi kidogo," mkurugenzi akawa anawaambia akina mama. "Yanapukutika tu. Msiyasugue."

Kwa kweli yalipukutika. Jioni nililitikisa lile gauni dirishani, nikalipiga brashi, pakabaki alama hafifu za kijivu ambazo mtu asiyejua angeziacha. Kwa kuwa wasichana hutupa maua kila jioni kwa juma zima baada ya sikukuu, gauni lilitakiwa kesho yake. Nikaweka ubao wa kupigia pasi jikoni, Jagna akakaa kwenye kiti anatazama, anakula mkate na jibini.

Mkemia wa miaka thelathini na moja. Nilijua asidi ikikauka inakuwa kali zaidi. Nilijua pasi ni joto. Wanafunzi nimewafundisha kwa mdomo wangu huu. Na bado nikaweka pasi, kwa sababu mikono ilitaka iwe masizi tu.

Kifuani pakageuka manjano chini ya pasi, kisha kahawia, kisha pasi ilipopita pakawa hakuna kitu. Tundu, unaona hadi kwenye ubao. Na la pili. Bega likaachia kipande, kikaja na kidole changu. Harufu ilikuwa ya sukari iliyoungua.

Jagna akaacha kutafuna. "Bibi, umeliunguza?"

"Ni masizi," nikasema. "Lala sasa."

Alibeba sahani yake akaiosha mwenyewe, kitu ambacho hajawahi kufanya.

Msiulize Ijumaa Zawilce kulikuwaje. Majiko kumi na mawili yalikuwa yamepiga pasi usiku mmoja. Hadi saa mbili asubuhi kulikuwa na wanaolaumu sabuni mpya, na wanaolaumu wanga, na mmoja anayelaumu ndege aina ya kwezi. Mkurugenzi akaniita ofisini. Kwenye rafu ile sanamu ya kioo ilikuwa imeshafika.

"Bi Bogusia, mambo ni mepesi," akasema. "Yule mjane wa jirani na geti, Bi Genowefa, anachoma takataka kwenye jiko lake. Kila mtu anajua. Chupa za plastiki, viatu. Andika kwamba masizi yametoka kwenye jiko lake. Mzee yule hawatamfanya kitu."

"Bi Genowefa hadi jana alikuwa hospitalini. Jiko lake lina wiki mbili halijawashwa."

"Hilo si la kemia." Akanisogezea fomu. "Kumbuka umeshasaini kwamba dohani yetu haidondoshi kitu. Ukisema leo inadondosha, nani mwongo, mimi au wewe?"

Hapo alisema kweli, na ndicho kilichoniuma. Kwa mara ya kwanza tangu aje, Bwana Paluch alipiga hesabu bila kuacha kisanduku wazi.

"Nipe saa moja," nikamwambia.

Nilikwenda nyumbani. Shule zilikuwa zimefungwa kwa ile siku ya katikati ya sikukuu na wikendi, na Jagna alikuwa jikoni na gauni mapajani, anapitisha kidole kwenye matundu, moja baada ya jingine. Nikachukua bakuli la maji, nikalowesha alama moja ambayo pasi haikuigusa, nikabandika karatasi ya litmasi niliyoibeba. Ikawa nyekundu mbele ya macho yake.

"Hiyo nini?"

"Asidi. Kama ya kwenye betri ya gari. Imetoka kwenye dohani yetu."

Akaitazama karatasi, akanitazama mimi. Ana macho ya mama yake, hayakuachii.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua tangu Oktoba."

"Na hukusema?"

"Nilisema. Kisha nikasaini kwamba haitoki."

"Kwa nini?"

Ningeweza kumtaja yeye. Maneno yalikuwa mdomoni: kwa ajili yako, kwa ajili ya mbwa wa njia ya shule. Niliyameza, namshukuru Mungu kwa hilo tu. "Niliogopa," nikasema.

Jagna akashuka kwenye kiti, akafungua droo, akarudi na mkasi wa kukatia kuku.

"Utahitaji kuwaonyesha," akasema. "Kata hapa kifuani, pana tundu kubwa, uweke na ile karatasi nyekundu kando yake. Haya madogo watasema ni nondo."

"Jagna, mama yako..."

"Mama nitamwambia mimi. Wewe kata vizuri."

Nilikata. Ni kipande cha kuenea kiganja, mshono wa Wioleta ukapita katikati yake, kushona kudogo kudogo, kila tundu la sindano limelingana.

Ofisini sikuchukua fomu yake. Nilichukua fomu ya ukaguzi ya mkoa, nikabana kile kipande cha pamba pembeni kwa stepla, na karatasi ya litmasi karibu yake, nikaandika mbele yake, naye anasoma maandishi kichwa chini miguu juu. Sampuli namba moja: kipande cha gauni la Komunyo, mali ya Jagna, miaka tisa. Joto la moshi: nyuzi mia moja na nne. Kiwango cha umande wa asidi: nyuzi mia moja thelathini na tatu. Kuna kisanduku cha mwisho, Chanzo cha uharibifu. Hicho watu wengi hukiacha wazi. Nikaandika: Moshi kupozwa kupita kiasi, na maoni ya kitaalamu ya mwezi wa tano, ambayo ni ya uongo na nimeyasaini mimi mwenyewe.

"Unajichongea," akasema Bwana Paluch. Hakuwa na hasira, alishangaa kweli, kama nimechagua dirisha lenye kioo kimoja.

"Ndiyo," nikasema. Nikatoa mkobani lile boksi la chokoleti nikaliweka karibu na sanamu. "Na hili lako. Utalihitaji, wakaguzi wa mkoa watakuja Jumanne."

Walikuja. Fundi aliingia ndani ya dohani, akapiga nyundo kwenye kimo cha mita ishirini, na nyundo ikatokea upande wa pili. Kupe amezimwa. Bwana Paluch bado ni mkurugenzi, sijui mlitegemea nini. Anasema aliponzwa na mkemia, na karatasi ipo, ina sahihi. Lucjan ameshafunga kamba mpya juu ya bomba anasubiri mvua za vuli.

Mimi niko Podlesie, nachota sampuli za makaa. Basi linaondoka saa kumi na moja alfajiri, mkurugenzi hakudanganya. Ile Alhamisi ya mwisho ya kutupa maua niliomba ruhusa, nikasimama kando ya uzio. Wasichana kumi na mmoja walivaa sketi za shule. Jagna alikuja na gauni lililoshonwa na mama yake, dirisha la mraba kifuani, fulana ya bluu inaonekana. Alipofika mbele yangu hakutupa maua. Alinishikisha kikapu, akaniambia nimbebee, mkono wake unauma.